Kichaka Chenye Misuko Miwili

Kuna watu wanatunza akiba, na kuna watu wanatunza sahani za harusi zisizowahi kuliwa. Dobi alitunza donge. Alilitunza vizuri, akalilisha, akalinywesha, likakaa naye rohoni mpaka nywele zake zote zikawa nyeupe, na donge lenyewe likabaki bichi vilevile. Ukitaka kulijua, ungekwenda tu kwake na shati lako chafu, ukataja neno "wachoraji". Basi. Shati lako lingefuliwa, na wewe ungefuliwa.

"Wachoraji gani?" angekuuliza, pasi mkononi. "Wale waliomfuta mwanangu? Au kuna wengine nisiowajua?"

Wageni walidhani mama wa watu kachanganyikiwa. Majirani walijua, wakatazama pembeni.

Nyumba ya Dobi ilikuwa ya mwisho kabisa, pale mtaa unapochoka na kilima kinapoanza. Uani kamba za nguo zilitoka kwenye ukuta wa jiko mpaka kwenye tangi la maji. Nyuma ya tangi palikuwa na majani marefu, barabara ya kokoto, halafu kilima chenyewe, kimelala ubavu kama mtu aliyeshiba. Alifua mashuka ya nyumba ya wageni. Siku ya upepo yale mashuka yalivimba yote kwa pamoja, meupe, na ukisimama mlangoni usingeona kilima, ungeona weupe tu unapanda na kushuka. Dobi hakuona uzuri wowote hapo. Aliona mashuka ambayo yakianguka itabidi ayafue upya.

Aliyeona uzuri ni shemeji yake.

Shemeji alikuwa mdogo wake marehemu mume wa Dobi. Kaka mtu alipofariki, mdogo mtu hakuhama kile chumba cha nyuma, na Dobi hakumfukuza, maana nyumba yenye mwanamke na mtoto wa kike inataka kikohozi cha mwanamume usiku. Kazi yake ya kumpa chakula ilikuwa kuandika mabango ya maduka. Kazi ya moyo wake ilikuwa kuchora vilima, mito na miti, kwa rangi ya mafuta, kwenye vitambaa alivyovigongomea fremu mwenyewe. Dobi alimpikia na kumfulia bure. Na rangi ya mafuta, kwa asiyejua, haisikii sabuni. Inataka tapentaini na subira. Dobi tapentaini alikuwa nayo.

"Shemeji, hii ni nguo au ni kilima?" alikuwa akimuuliza, kashika shati kwa vidole viwili kama panya aliyekufa.

"Hicho ni kilima, shemeji. Ukikitoa vizuri nitakichora tena."

Wakacheka. Ndiyo, walikuwa wakicheka wale wawili. Usione walivyokuja kuwa.

Na katikati yao alikuwepo mtoto. Binti wa Dobi, wa pekee, aliyebaki na mama yake baba alipokwenda. Walimwita Kibanio. Kazi yake ilikuwa kumpa mama vibanio vya nguo wakati wa kuanika, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa midogo haivishiki vyote, alivibana kwenye pindo la gauni lake, kuzunguka gauni zima, akitembea vinagongana kwa, kwa, kwa. Ungemsikia kabla ya kumwona. Alikuwa na misuko miwili iliyosimama kama masikio ya mbuzi, na pengo la jino la mbele, na domo. Domo alilichukua kwa mama yake, hilo halina ubishi.

Sasa pale mjini palikuwa na chama cha wachoraji wa mandhari. Usifikiri watu wakubwa. Alikuwepo huyo shemeji mwandika mabango, alikuwepo fundi viatu, alikuwepo karani mmoja aliyechora jua likizama tu, miaka nenda miaka rudi, kwa sababu ndiyo saa aliyotoka kazini. Juu yao alikuwepo Mwenyekiti, mwalimu mstaafu wa kuchora, kofia upande, mtu aliyezoea kusikilizwa na watoto wanaoogopa fimbo. Kila mwaka chama kilifanya maonyesho ukumbini, picha zikauzwa, na kilichopatikana kikapelekwa kusaidia watu. Mwaka mmoja wasioona, mwaka mwingine waliounguliwa na nyumba. Ni jambo la heri, hata Dobi na ulimi wake hakuwahi kusema si la heri. Mwaka huo walisema ni vitanda vya wodi ya watoto, maana watoto walikuwa wakilazwa wawiliwawili, kichwa cha huyu miguuni kwa yule.

Shemeji akasimamisha ubao wake uani, akaanza kuchora kilima na mashuka.

"Baba Mdogo," Kibanio akamwambia, "nitie na mimi."

"Nikutie wapi? Hapa ni mandhari."

"Mandhari ndiyo nini?"

"Ndiyo… vitu vilivyo mbali."

Kibanio akakimbia mpaka kwenye kamba ya mwisho, kwa, kwa, kwa, akageuka. "Haya, niko mbali! Nitie!"

Angefanyaje? Akamtia. Akamchora kasimama chini ya shuka, mkono juu, anamwinulia mtu kibanio. Mtu mwenyewe haonekani, lakini nani asiyejua ni mama yake. Jua lilikuwa la asubuhi, kivuli cha mtoto kikalala kirefu chini kwenye vumbi, misuko na yote.

Dobi alikwenda kuitazama picha, mikono yake ikidondosha maji. Alisimama. Yule mwanamke hakuwa na muda wa picha, lakini alisimama mpaka maji yakakauka mikononi. Kwa sababu mle ndani alikuwa mwanawe, hasa mwanawe, na lile pengo, na lile jicho la kutaka kusema kitu. Na picha ya kupiga hawakuwa nayo. Mpiga picha wa mjini alitaka mtoto avae viatu na soksi, na kila mwaka Dobi alikuwa akisema mwakani.

"Shemeji," alisema, "leo umefanya kazi."

Hakuna mtu aliyewahi kusifiwa na Dobi zaidi ya hapo.

Mwenyekiti akaja kuchagua picha za maonyesho. Dobi alikuwa nyuma ya mashuka anaanika, wao hawamwoni. Akamsikia Mwenyekiti anavuta pumzi puani, anavyofanya mtu anayejua.

"Nzuri. Nzuri sana. Lakini huyu nani?"

"Mtoto wa marehemu kaka."

"Namwona. Na mnunuzi atamwona, ndipo penye tatizo hapo. Bwana, mandhari ni mandhari. Mtu akinunua kilima anataka kilima. Hataki kukodolewa macho na mtoto wa watu sebuleni kwake kila akinywa chai."

"Mwenyekiti, mtoto ndiyo picha yenyewe."

"Wewe unawachorea wagonjwa au unaichorea familia yako? Vile vitanda vinataka picha inayouzika. Weka kichaka pale. Kichaka kitakaa vizuri sana."

Dobi kashika shuka, anasubiri shemeji yake amjibu yule mzee jibu la kumrudisha kwao. Akasikia:

"Nitaangalia."

Hilo tu. Nitaangalia. Dobi akaona mbona ni jibu la adabu, la kumwondoa mzee bila kumvunjia heshima. Akaendelea kuanika. Aliamini. Neno "nitaangalia" alikuja kulichukia mpaka wateja wake walijifunza kutolisema.

Siku ya maonyesho alimpiga pasi Kibanio. Ndiyo, gauni likiwa mwilini, maana mtoto alikataa kulivua. Akamtoa vibanio pindoni kimoja kimoja, "Leo unaonekana kwa watu, siyo kwa kamba," mtoto akaficha kimoja ndani ya kiganja. Ukumbi ulikuwa umejaa viatu vilivyong'arishwa. Karani kaleta majua yake yote. Kibanio akamvuta mama mkono kupita katikati ya watu, mpaka kwenye picha yao.

Kilima kilikuwepo. Tangi lilikuwepo. Mashuka yalikuwepo, yamevimba. Na pale aliposimama mtoto palikuwa na kichaka. Kichaka kizuri cha kijani kibichi, chenye vimaua vya manjano ambavyo kwenye kile kilima havijawahi kuota tangu dunia iumbwe.

Dobi akamtafuta shemeji kwa macho. Alikuwa mlangoni anatazama viatu vyake kama vimemwita.

Mtoto je? Mtoto aliiangalia picha, akakunja uso, akasogea karibu, akainama. Halafu akapiga kelele ukumbi mzima ukageuka.

"Mama, nipo! Nimejificha! Ona misuko yangu!"

Na kweli. Yule bwana alimfunika mtoto, kivuli akakiacha. Pale chini kwenye vumbi, kile kichaka cha duara kilikuwa kimelaza kivuli cha mtoto mwembamba mwenye mkono juu na misuko miwili. Wachoraji wote wale, na wajuzi, na mgeni rasmi na tai yake, hakuna hata mmoja aliyekiona.

Kibanio alikuwa akiwashika wageni mikono anawaleta. "Mimi niko nyuma ya hicho kichaka. Kweli, mkitaka muulizeni Baba Mdogo." Wageni wakacheka, wakampapasa kichwa, wakasema mtoto ana akili. Mwenyekiti naye akampapasa. Dobi aliuona ule mkono unampapasa mwanawe, akaumeza ulimi wake, maana hakutaka kumwaibisha mtoto siku ya furaha yake.

Nyumbani ndipo alipoutapika.

"Wewe! Umemfanya mwanangu kichaka?"

"Shemeji, Mwenyekiti alisema…"

"Mwenyekiti ana mdomo. Wako ulikwenda kuazimwa?"

"Ni kwa ajili ya watoto wagonjwa, shemeji. Ni picha tu. Nitamchora tena, peke yake, uso mkubwa kabisa. Wiki ijayo."

Wiki ijayo palitokea bango la duka la dawa. Iliyofuata palitokea mabango ya mkutano. Kibanio alikuwa akikaa kwenye beseni lililogeuzwa, kajitengeneza uso wa kuchorwa, na Baba Mdogo anapita mbio na ndoo ya rangi, "Kesho, mama, kesho." Kisha ikaja homa.

Ilikuja kama homa nyingine yoyote, na haikuondoka. Wakamlaza ile wodi. Kwenye kitanda kipya, peke yake, rangi bado inanuka, na kwenye chuma cha miguuni kimeandikwa kwamba ni zawadi ya wachoraji. Na ukutani mbele ya kitanda ilikuwa imetundikwa ile picha. Tajiri fulani aliinunua, akapigiwa makofi, akaitoa kwa wodi ili watoto wapate kitu cha kutazama. Wema juu ya wema. Dobi alikaa kwenye kiti cha chuma, huku mwanawe, kule kichaka.

"Mama," mtoto alimwambia siku sauti yake ilipokuwa imebaki kidogo, "bado nipo pale?"

"Upo, mwanangu."

"Misuko inaonekana?"

"Inaonekana yote miwili."

"Mwambie Baba Mdogo nimechoka kujificha."

Dobi akasema atamwambia. Na ujumbe wa mtoto aliufikisha. Aliufikisha walipotoka kuzika, watu wamejaa uani, shemeji kakaa kwenye ngazi ya chumba chake kichwa kati ya magoti. Dobi akaja na nguo zake zote, chafu, zimefungwa ndani ya shuka, akazibwaga mbele yake.

"Mwanangu kasema amechoka kujificha. Na nguo zako hizi hapa."

Hakumwambia neno jingine. Shemeji alihama, akapanga chumba ng'ambo ya soko, na tangu hapo wakikutana njiani Dobi alivuka barabara, hata kama upande wa pili kuna matope. Kwenye misiba ya ukoo akikaa yeye kaskazini, huyu atakaa kusini. Salamu hakuitikia. Ndugu walikuja kusuluhisha wakaondoka wamenuna.

Wifi yake Dobi, dada mtu wa huyo shemeji, ndiye pekee aliyeruhusiwa kulizungumza, kwa kuwa alikuwa mwepesi wa kukimbia.

"Wifi, lakini kile kivuli mbona alikiacha? Alikiacha makusudi yule. Yale ni mapenzi, hakuweza kumfuta wote."

"Mapenzi gani hayo yanafuta mtu yanaacha kivuli? Kakuambia yeye?"

"Hajaniambia. Lakini mimi ndiye dada yake, namjua."

"Kama unamjua, mfulie mashati."

Miaka ikaenda. Kamba zikabadilishwa, tangi likaota kutu, vidole vya Dobi vikakunjamana na kubaki vimekunjamana hata siku asiyofua. Kule wodini hakukanyaga tena. Aliwahi kumwomba sista mkuu wa zamani ampe ile picha, sista akasema mali ya wodi haigawiwi. Akasema sawa. Uso wa mwanawe alikuwa nao kichwani, wa nini kuomba tena? Akauchukua kila asubuhi kama mtu anavyochukua ufunguo juu ya mlango.

Mpaka asubuhi moja akapapasa juu ya mlango, ufunguo hakuna.

Alikuwa akipiga pasi gauni la shule la mtoto wa mteja. Akajiuliza, hivihivi tu, lile pengo la Kibanio lilikuwa upande gani? Kushoto au kulia? Akafumba macho amtazame. Misuko ilikuja. Pindo na vibanio lilikuja. Uso ulikuwa kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Akakaza macho. Kushoto. Hapana. Akasikia harufu, akafumbua macho: pasi imelala juu ya gauni la watu, na kifua chote kimeungua rangi ya chai. Tangu aanze kazi hajawahi kuunguza nguo. Akakaa chini palepale sakafuni, na siyo kwa ajili ya gauni.

Akamwita wifi. "Kibanio pengo lake lilikuwa upande gani?"

"Kulia," wifi akasema haraka. Halafu, "Ngoja. Kushoto. Wifi, kwani alikuwa na pengo?"

Dobi akamtazama mwenzake huyu mzee kama anatazama nyumba inayoungua.

Alikuwa bado na hofu hiyo wifi aliporudi na habari. Wale wachoraji, waliobaki hai, wanafanya maonyesho mengine. Vile vitanda vya wodi vimeoza miguu, chama kinataka kununua vipya, na wanakusanya picha zao za zamani kutoka kila walikozipeleka ili wauze tena. Na ile ya wodi imo. Atakayeinunua ataondoka nayo aendako.

Dobi alifungua kabati, akatoa gauni lake la heshima, akalipiga pasi. Akatoa kitambaa safi. Akatoa chupa ya tapentaini.

"Wifi, hiyo chupa ya nini?"

"Namfuata mwanangu. Kama unakuja, vaa viatu."

Ukumbi ulikuwa uleule, umepungua viatu vya kung'aa tu. Karani na majua yake. Mwenyekiti sasa anatembelea fimbo, ile aliyokuwa akichapia watoto labda. Na kwenye ukuta wa kati, kichaka. Rangi zimefifia kidogo, kichaka bado kibichi. Chini yake, kwenye vumbi, misuko miwili. Dobi akaiona. Akafungua chupa, akalowesha kitambaa.

"Mama! Mama, unafanya nini? Usigusishe kitu kwenye picha!" Mwenyekiti anakuja, fimbo inagonga. "Hiyo imeshapata mnunuzi!"

"Na mimi nilishampata kabla yake. Nilimzaa."

Kitambaa kilikuwa kimebakiza inchi moja tu kugusa rangi, sauti ikasema nyuma yake:

"Shemeji, weka chini hiyo chupa."

Hakugeuka. Sauti aliijua, ila ilikuwa imezeeka.

"Nani kakuita?"

"Hakuna aliyeniita. Ukisugua hivyo utamtoa na yeye. Rangi imekaa miaka, haitaki nguvu." Akasogea. Miwani minene kama chini ya chupa, mikono inatetemeka, kola ya shati imeota ukoko. "Nilimpaka vanishi ya kumlinda kabla sijamfunika. Kichaka kiko juu ya vanishi. Kitatoka, lakini polepole. Nipe mimi."

"Nikupe wewe? Ulipewa ukafanya nini?"

"Ndiyo maana nipe mimi."

Mwenyekiti akasema hapa ni mahali pa heshima, picha imelipiwa nusu, watoto wanalala kwenye vitanda vibovu. Shemeji akamgeukia, taratibu.

"Mwenyekiti, siku ile uliniambia mtu anaharibu mandhari. Nilikuwa na mdomo, nikasema nitaangalia. Sasa nimeangalia."

Ikabaki lile neno la mali ya wodi haigawiwi. Sista wa sasa alikuwepo, msichana mdogo tu, kasimama na kikapu cha michango. Aliitazama picha, akainama kwenye kile kivuli kwa muda, akamtazama Dobi. "Picha ni ya wodi," alisema, "na wodi ni mimi. Mwacheni."

Wakashusha picha, wakailaza mezani. Shemeji akaomba pamba na kiwembe, akakaa. Ajabu, ile mikono ilipogusa kitambaa iliacha kutetemeka. Watu walizunguka. Kwanza vilitoka vimaua vya manjano, halafu majani. Pamba ilichafuka kijani, akaitupa, akachukua nyingine. Dobi alisimama juu ya bega lake, hakusogea.

Ikatoka miguu. Miguu peku, yenye vumbi, kidole gumba kimetazama upande. "Wake," Dobi alisema. Likatoka pindo na vibanio vyake vyote, kimoja kimoja, kama siku ile alivyovitoa. Ukatoka mkono ulioinuliwa na kibanio kati ya vidole. Watu wakashusha pumzi. Ikatoka shingo.

Juu ya shingo kiwembe kiliondoa majani, na chini ya majani palikuwa na kitambaa. Kitambaa kitupu, kimekwaruzwa.

Shemeji akaweka kiwembe chini.

"Uko wapi uso?" Dobi akauliza.

"Niliukwangua."

"Uliufanyaje?"

"Uso niliupaka rangi nene, shemeji. Ungevimba chini ya kichaka, watu wangejua pana kitu. Nikaukwangua na kisu kwanza."

"Miaka yote hii unajua haupo."

"Najua."

"Mimi nakaa nasema mwanangu yupo pale chini mzima, wewe unajua haupo. Na hukuja kuniambia."

"Ungeniua."

"Ningekuua, ndiyo. Ungekuja."

Wifi naye, Mungu amsaidie, akaona hapo ndipo pa kutengeneza mambo. "Lakini kivuli alikiacha makusudi, wifi. Mwambie, kaka. Mwambie ulikiacha kwa mapenzi."

Dobi akageuza uso akamtazama shemeji yake machoni, mara ya kwanza tangu zile nguo chafu. Kila mtu pale aliona mlango ulivyofunguka. Neno moja tu lilitakiwa, na huyo mzee angeingia ndani ya nyumba aliyofukuzwa, angepikiwa, angefuliwa. Wifi alikuwa anamtikisia kichwa kabisa.

Shemeji alivua miwani akaifuta kwa shati, ikazidi kuchafuka.

"Nilikisahau," alisema. "Nilikuwa na haraka. Ningekikumbuka ningekifuta na chenyewe."

Wifi akapiga makofi mapajani kwa hasira. Watu wakaguna. Dobi hakuguna. Alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, taratibu, kama anayekaa kwenye kile kiti cha chuma. Machozi aliyoyakataza siku ya mazishi yalishuka sasa, bila sauti, na hakuyafuta, kwa sababu kitambaa alichokuwa nacho kilikuwa na tapentaini. Miaka yote walimletea asali juu ya lile donge. Huyu ndiye wa kwanza kumletea kitu kisichopakwa kitu.

"Haya," alisema baadaye. "Hilo nimelisikia."

Mnunuzi alitaka arudishiwe pesa yake, nani anunue mtoto asiye na uso. Sista akasema mama aichukue picha aende nayo. Dobi hakuwa mtu wa kuchukua cha bure. "Mashuka ya wodi yaleteni kwangu," alimwambia, "mpaka hii mikono igome." Akaifunga picha kwa kitambaa cha meza ya Mwenyekiti, bila kumwomba.

Picha ilikuwa kubwa kwa mtu mmoja. Wakaishika huku na huku, yeye na shemeji yake, wakapanda barabara ya kokoto jua likiwa bado juu, wifi nyuma na chupa. Hakumsamehe. Nani aliyesema kamsamehe? Chumba cha nyuma alikuwa anaweka sabuni, na ataendelea kuweka sabuni. Walikwenda mpaka mahali tangi lilipoanza kuonekana.

"Mchore uso," Dobi alisema, anatazama mbele.

"Siukumbuki tena, shemeji."

Wakaenda hatua kadhaa.

"Hata pengo?"

"Pengo nalikumbuka. Lilikuwa kulia."

"Kushoto."

"Kulia, shemeji. Mimi nilimchora."

"Na mimi nilimzaa. Shika fremu vizuri, mikono yako inatetemeka."